Kipupwe, Kusi na Mstari Usiosomwa

Mei inapokaribia kwisha, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti. Nchi hugawanywa kwa kanda, na kila kanda hupewa nyuzi joto zake, mvua zake na upepo wake. Watu wa Njombe na Mbeya huambiwa wajiandae kwa baridi hasa; kwenye uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, sakitu huweza kuunguza shamba la viazi kwa usiku mmoja. Visiwa vya Unguja na Pemba hupata salamu nyepesi zaidi: ubaridi wa usiku, manyunyu ya mchoo hapa na pale, na upepo wa kusi.

Mji Mkongwe huipokea habari hiyo kwa mzaha. Pale Sokomuhogo, kwenye kona ya kahawa inayojulikana kama Jaws Corner, utamkuta mtu mzima kavaa sweta juu ya kanzu, kikombe mkononi, akiapa kwamba baridi kama hii haijapata kuonekana. Kipimajoto kinasema 22. Kwa Mzanzibari theluji ni habari ya kilele cha Kibo, au ya ndugu aliyeko Ulaya anayetuma picha ya gari lililofukiwa.

Safari hii mzaha ulichukua njia nyengine. Kijana mmoja aliusoma mwelekeo wa kipupwe kwa sauti kutoka kwenye simu yake. Neno "uwezekano" likajitokeza mara tatu nne, na mzee aliyekuwa akicheza dhumna akasema bila ya kuinua kichwa: "Uwezekano, uwezekano. Kama hawajui, si waseme hawajui?" Watu wakacheka. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa baraza, hakuwa na la kujibu kwa haraka. Alilokuwa nalo lilikuwa limetawanyika katika kumbukumbu za miaka mingi, kuanzia pwani ya Malindi ya Unguja.

Babu yake mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, akileta boriti kutoka delta ya Rufiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majahazi yalikuwa bado yakijazana Malindi, na kipupwe kwa mtoto wa mtaa wa Kiponda kilikuwa na harufu yake. Chombo kilipandishwa pwani kikatiwa kalafati, mafundi wakigonga pamba iliyolowekwa mafuta katikati ya mbao. Tumbo lake lilipakwa deheni ya chokaa na shahamu. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki nguoni kwa kipande kimoja cha sabuni. Mzee hakungoja mtu amwambie lini alipandishe jahazi lake. Kusi likishakaza, safari ya kurudi Rufiji ni ya kupigana na upepo usoni, na mwenye akili hutumia wakati huo kutengeneza chombo.

Hesabu yake ilikuwa ya Nairuzi. Siku ya Mwaka, ambayo watu wa Makunduchi huisherehekea mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa, ndiyo mwanzo. Kutoka hapo siku huhesabiwa kumi kumi, mwongo baada ya mwongo, mpaka itimie miongo 36 na siku tano za juu. Kwa hesabu hiyo mabaharia wa mwambao walijua lini maleleji yanaanza, lini kaskazi linaingia, lini kusi linafunga njia. Ina kasoro moja tu, na mzee aliijua. Mwaka wa siku 365 usio na siku ya nyongeza hurudi nyuma siku moja dhidi ya jua kila baada ya miaka minne. Katikati ya karne ya 19 Siku ya Mwaka ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Nahodha aliyeirithi hesabu ya mababu bila ya kuirekebisha angeanza kulingojea kaskazi mwezi mzima kabla ya wakati wake.

Usiku, redio ya Sauti ya Tanzania Zanzibar ilipofika kwenye hali ya hewa, nyumba nzima ilinyamazishwa. Mzee akimaliza kusikiliza alikuwa na maswali mawili: kutoka upande gani, na kuanzia saa ngapi? Redio haikuwa ikiyajibu yote kila siku. Alfajiri, akishatoka msikitini, alikwenda mwenyewe pwani akasimama.

Mjukuu alichelewa sana kuelewa kilichokuwa kikifanyika pale. Nairuzi ilimwambia mzee mwezi wa kutia kalafati; alfajiri ndiyo iliyomwambia kama leo atatweka tanga. Hizo zilikuwa habari mbili, za kazi mbili, na hata siku moja hakuidai ile ya msimu imjibu la asubuhi. Ukimsikiliza mtu wa leo akigomba na mwelekeo wa kipupwe kwa sababu Jumanne iliyopita palikuwa na jua kali, utaona kwamba kitu fulani kilipotea njiani.

Miaka ya 1990 ilimpeleka mwandishi Jambiani kila likizo, kwa shangazi yake aliyekuwa analima mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989 huko huko pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, na kwa muda mfupi kikawa kazi ya wanawake kwa maelfu. Maji ya bamvua yakishakupwa, walishuka na vigingi vyao na kamba, wakainama mpaka bahari irudi.

Huko ndiko alikosikia kwa mara ya kwanza mtu akiusifu ubaridi. Mwani wa aina ya kotoni, ambao ndio wenye bei, hauyapendi maji ya moto. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, bwawa lililo ndani ya mwamba hupata joto kama la kuogea, ncha za mwani hugeuka nyeupe, zikalainika na kukatika, mavuno yakaenda na maji. Kipupwe kikiingia mmea hupata nguvu. Shangazi alikuwa akitia mkono majini, anautoa, anasema: "Yamepoa, alhamdulillahi." Nyumba ya tatu kutoka kwake alikaa mvuvi wa ngalawa ambaye kwa maji hayo hayo na upepo huo huo alikuwa hajatoka wiki nzima, na mkewe alikuwa akikopa unga.

Watabiri hawakuwa wakiliona hilo wakati ule, na hata leo huonekana kwa nusu. Tangazo likisema "upepo wa kusi unatarajiwa kuwa juu ya wastani", linamwambia mvuvi jambo moja na mkulima wa mwani jambo jengine kabisa. Kwa bahati mbaya miaka iliyofuata ilimnyang'anya shangazi hata ile neema ya kipupwe. Bahari ilizidi joto, kotoni ikawa inakufa mara kwa mara kwenye maji mafupi, na wakulima wengi wakabaki na spinosamu, mwani mgumu wa bei ndogo.

Kisha ikaja London. Mwandishi alikwenda kusoma, akakaa mashariki ya mji, mahali ambapo Waswahili si haba, na akaingia katika nchi ambayo watu wake huzungumza hali ya hewa kabla ya kuulizana majina. Aliwakuta katika hasira. Aprili 2009 idara ya hali ya hewa ya Uingereza, Met Office, ilikuwa imetangaza kwamba majira ya joto yana uwezekano mkubwa wa kuwa mazuri, na kwa kutaka kuwafurahisha watu ikataja majiko ya kuchomea nyama bustanini. Magazeti yakalidaka jiko, yakauacha uwezekano. Julai ikawa mvua tupu. Baridi iliyofuata ilielezwa kuwa huenda ikawa ya kiasi, ikaja kali. Machi 2010 Met Office ikasema basi: haitatoa tena mwelekeo wa msimu kwa umma.

Kwa mtu aliyetoka Unguja hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Nchi iliyoanza kutoa utabiri wa kila siku gazetini mwaka 1861, chini ya Robert FitzRoy, inashindwa kusema majira yajayo yatakuwaje? Baadaye alikuja kusoma sababu yake, nayo ni ya maumbile. Hewa ya Ulaya ya kaskazini huvurugwa na mikondo ya juu inayobadilika kila wiki, na bahari iliyo karibu haiielekezi kwa nguvu. Ukanda wa tropiki ni tofauti: hapa bahari ndiyo inayoongoza, na bahari hubadilika polepole. Maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli ya Afrika Mashariki hujaa mvua, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Ndiyo maana jukwaa la wataalamu wa ukanda huu, linalojulikana kama GHACOF, limekuwa likitoa mwelekeo wa misimu tangu 1998 na halijafunga milango. Kwa mambo ya msimu, mkulima wa Unguja Ukuu ana bahati ambayo mkulima wa Kent hana.

Desemba 2010 ilikuja na somo jengine. Ilikuwa Desemba ya baridi kuliko zote Uingereza kwa miaka 100. Ubaridi wenyewe haukuwa na shaka. Watabiri waliuona unakuja kutoka Aktiki, na kila mtu alijifunika. Shaka ilikuwa theluji. Je, itaanguka London au itapita kusini, Kent na Sussex? Itaanguka theluji au mvua? Katika duka la Mswahili mmoja aliyetokea Mombasa, watu walikuwa wakibishana kila jioni mbele ya televisheni ndogo iliyowekwa juu ya jokofu la soda, na mwenye duka alitaka kujua jambo moja tu: afunge saa ngapi apate basi la kumrudisha nyumbani.

Mtangazaji akaeleza, kwa ramani na vidole, jambo ambalo mwandishi hajalisahau. Karibu mvua yote ya nchi za baridi huanza kama theluji huko juu. Ikikuta tabaka la hewa ya nyuzi joto mbili tatu juu ya sifuri karibu na ardhi, huyeyuka na kufika ikiwa mvua. Ikikuta hewa ya sifuri au pungufu, hufika ikiwa theluji. Tofauti ya nyuzi moja, katika mita mia chache za hewa, ndiyo inayoamua kama mji wa watu milioni nane utakwenda kazini kesho. Hakuna mashine inayoweza kuahidi nyuzi hiyo moja siku tatu kabla. Kwa hiyo mtangazaji akasema asilimia, akasema saa, akasema mitaa. Mwenye duka alifunga mapema. Tarehe 18 Desemba theluji iliufunga uwanja wa ndege wa Heathrow, na maelfu ya abiria wakalala sakafuni juu ya makoti yao. Majuma mengine ilitangazwa theluji ikaja mvua baridi, na mwenye duka alifunga mapema vilevile, akanung'unika, akafungua tena asubuhi.

Mwandishi alirudi nyumbani mwaka 2012, na kusi la mwaka huo likampokea.

Jumatano ya tarehe 18 Julai, siku mbili tatu kabla ya mwezi wa Ramadhani, boti ya MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikiwa na watu wapatao 290. Wengi walikuwa wakirudi kufunga na watu wao. Bahari ilikuwa imechafuka, upepo ni mkali. Karibu na kisiwa cha Chumbe, mahali ambapo siku ya kawaida abiria huanza kusimama na kutafuta mizigo yao, boti ilipinduka na kuzama. Nusu hivi ndio waliotoka hai. Mchana ule mwandishi alikuwa miongoni mwa watu waliofurika Malindi, na anachokumbuka zaidi ni namna watu walivyokuwa wakielekeza nyuso baharini bila ya kuona kitu, upepo ukiwarushia mchanga, kila boti ya KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kulinda bahari, ikitokeza umati mzima unasogea mbele hatua moja.

Skagit ilitengenezwa kwa ajili ya maji ya Puget Sound, kwenye jimbo la Washington nchini Marekani, mlango wa bahari uliokingwa na nchi kavu pande zote. Huko ilivusha abiria kwa miaka. Mlango wa Zanzibar mwezi wa Julai ni maji mengine. Nguvu ya kusi hutoka mbali, kwenye eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene. Mgandamizo ukikaza, upepo husukumwa kuelekea ikweta ukipita pwani yetu, na wimbi hupata nafasi ya kukua tangu kusini mwa Mafia. Mwelekeo wowote wa kipupwe ungeweza kusema mwezi mmoja kabla kwamba Julai itakuwa na siku za namna hiyo. Usingeweza kusema ni Jumatano ipi. Kazi ya kuijua Jumatano ni ya utabiri wa siku mbili tatu, na kazi ya kukizuia chombo kisichofaa ni ya mamlaka iliyopo gatini asubuhi.

Haifai pia kuusingizia upepo kila msiba. Miezi kumi kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Ile ilizamishwa na kujazwa kupita kiasi. Hakuna utabiri duniani ambao ungeiokoa.

Baada ya misiba hiyo masikio yalifunguka, na matangazo ya TMA yakaanza kusomwa hata na watu wasiokuwa na safari. Hapo ndipo ulipozuka ugonjwa mpya. Aprili 2021, katikati ya Ramadhani, kimbunga Jobo kilitokea kaskazini ya Madagascar na kuelekezwa pwani ya Tanzania. Tahadhari zikatolewa, wavuvi wakavuta vyombo juu. Kimbunga kikadhoofika kabla ya kufika. Asubuhi yake Darajani watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kimbunga cha simu," waliita. Wachache waliuliza kitu pekee chenye maana: kilikuwa kimebakisha umbali gani, na kingepata maji ya moto kidogo zaidi kingefanya nini?

Unguja ina sababu ya kuuliza. Iko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, na vimbunga mara nyingi haviwezi kujizungusha karibu hivyo, lakini Aprili 1872 kimoja kiliipiga. Kilivunja merikebu za Sultani Barghash bandarini, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba ilinusurika, na tangu siku hizo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 Lindi nayo ikapigwa. Mambo yanayotokea mara moja au mbili kwa karne ndiyo yanayosahaulika kwenye vijiwe.

Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Safari hii boti za baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Mwandishi alikuwa amekwama Dar es Salaam, gatini, pamoja na watu waliokuwa na magunia ya vitunguu yanayoota, mgonjwa mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na maharusi wawili waliokuwa wakitazamiwa na ukumbi mzima ng'ambo. Kulikuwa na lawama za kutosha. Mwanamke mmoja wa makamo, mchuuzi wa vitunguu, alimwambia jirani yake: "Mwanangu, mimi bora nioze mie na vitunguu vyangu hapa kuliko kuoza kule," akionyesha baharini kwa kidevu. Jumamosi ya tarehe 4 Mei kimbunga kiligonga kisiwa cha Mafia. Unguja ilipata mawimbi na upepo, ikapona.

Je, kusitisha safari kulikuwa sawa, kwa kuwa Unguja haikupigwa? Hilo ndilo swali la theluji ya London, na jibu ni lile lile. Uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana wakati ulipotolewa, na kwa ukubwa wa hasara kama lile linaloogopwa lingetokea. Magunia ya vitunguu yanalipika.

Baada ya hapo mwandishi alizoea kuyasoma matangazo ya TMA kwa utulivu, kama mtu anavyosoma mkataba wa nyumba. Yana umbo moja. Kwanza rangi na daraja: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kisha maneno ambayo kila mkaazi wa pwani sasa anayajua kwa moyo: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, kwa baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani, pamoja na visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Watu huishia hapo, wakatuma kwenye makundi ya WhatsApp. Chini yake kuna mstari mwengine, wenye maandishi ya kawaida tu, unaotaja uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari zinazoweza kujitokeza: mdogo, wa wastani, mkubwa. Ule mstari ndio utabiri wenyewe. Uwezekano wa wastani wenye athari za wastani unamwambia mwenye meli kubwa aende kwa uangalifu, na unamwambia mwenye ngalawa akae. Mstari huo ukikatwa, kinachobaki ni uvumi wenye nembo ya serikali.

Na mzee wa dhumna ana haki kwa nusu. Hakuna aliyempa mstari huo kwa namna anayoweza kuutumia. "Ukanda wa pwani" wa tangazo unaanzia Tanga na kuishia Mtwara, urefu ambao jahazi la babu lingeusafiri kwa siku nyingi. Maji ya Nungwi, yanapokutana na mkondo wa Pemba, si maji ya Menai. Kusi linalomzuia mvuvi wa Kizimkazi kutoka linaweza kumwachia wa Mkokotoni, aliye kwenye kivuli cha kisiwa, avue kutwa nzima. Nahodha anahesabu kwa noti, tangazo linasema kilomita, na hakuna anayeandika kwamba 40 kwa saa ni noti 21 na kitu. Kuhusu saa ya kuanza na ya kutulia, swali la pili la mzee wa Malindi, mara nyingi husemwa "leo" na "kesho", na baharini leo ni ndefu.

Kazi iliyobaki si kubwa wala haihitaji rada mpya. TMA ina ofisi yake Zanzibar. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ipo tangu 2009. Na wavuvi wana kamati zao madikoni. Kinachotakiwa ni ubao mmoja kwa kila diko, Malindi, Nungwi, Mkokotoni, Kizimkazi na kwengineko, uandikwe kabla ya alfajiri, kwa chaki ikibidi: upepo noti ngapi, kutoka upande gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, uwezekano wake kiasi gani, na vyombo gani visitoke. Mwelekeo wa msimu nao upelekwe kwa wanaoweza kuutumia, ukiwa umeandikwa kwa kazi zao: kwa mkulima wa mwani, joto la maji, kwa mwenye boti, siku ngapi za bahari chafu azitarajie kwenye hesabu zake za kipupwe, kwa fundi kalafati, mwezi ambao kazi itamzidi.

Abiria naye ana lake. Ukifika gatini ukaambiwa safari imesitishwa, uliza uwezekano ulikuwa kiasi gani na ni kwa saa zipi, kisha tafuta pa kulala. Ukiambiwa safari ipo na bahari unaiona mwenyewe imechafuka, uliza maswali hayo hayo kwa sauti ya juu zaidi. Mwelekeo wa vuli hutolewa Agosti, na mstari wa uwezekano utakuwemo.